Sproketi ya Posa

Abbasi hakukosea hata siku moja maishani mwake. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia, na hakuchoka kutuambia. Alikuwa fundi pikipiki pale Gerezani, kwenye uchochoro uliobanwa kati ya duka la Kasmir na ukuta wa ghala la magunia. Ukimpelekea pikipiki inayokohoa, akakurudishia inakohoa na kupiga chafya, basi kosa lilikuwa la petroli, au la barabara, au la wewe mwenyewe kwa namna unavyokaa kwenye kiti. Nilimsikia siku moja akimwambia katekista mmoja mpole kwamba pikipiki yake haipandi mlima kwa kuwa ameidekeza.

Mimi naitwa Mwinyimvua, muuza nazi kwa jumla soko la Kariakoo. Baba yake Abbasi, Mungu amrehemu, tulikua naye Ilala ukuta kwa ukuta, na alipofariki kijana akabaki kuniita Ba'mkubwa na kunisumbua ipasavyo. Nampenda. Lakini aliyeanguka ni mimi, si ninyi, kwa hiyo mtaniwia radhi nikisimulia kwa hasira kidogo.

Ugonjwa wa Abbasi ulikuwa kasi. Pikipiki ina magurudumu mawili ya meno, dogo liko mbele kwenye injini na kubwa liko nyuma kwenye tairi, na mnyororo unayaunganisha. Mafundi huyaita sproketi. Ukifunga sproketi ndogo nyuma, pikipiki inakimbia sana ikishashika mwendo, ila kuondoka ni taabu. Ukifunga kubwa inavuta mizigo, inapanda milima, ila mbio hakuna. Hayo nayajua leo, maana nimeyalipia kwa makalio. Zamani nilidhani pikipiki inaendeshwa na kelele.

Basi Abbasi alimfungia kila mtu sproketi ndogo nyuma, atake asitake. Muuza maziwa wa Ilala alifungiwa hiyo. Kila asubuhi wateja wake wenyewe walimsukuma ndipo aondoke, na akishaondoka hasimami tena mpaka mwisho wa mtaa, kwa kuogopa kusukumwa upya. Watu wa katikati ya mtaa walikunywa chai ya rangi mwaka mzima. Abbasi alipoambiwa, alijibu kwamba watu wa katikati ya mtaa wahamie mwisho.

Mtu pekee aliyembishia bila kuchoka alikuwa Kasmir. Huyu ni Mchaga wa Kibosho, muuza vipuri, na miaka ile ya baada ya vita vya Kagera duka lake lilikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na vipuri vilipatikana kwa dua. Kasmir alikaa nyuma ya kaunta yake kama mlinzi wa jumba tupu, na kwa kuwa hakuwa na cha kuuza alikuwa na muda mwingi wa kubishana. Ujanani alikuwa tarishi wa kupeleka barua kwa pikipiki kwenye vichochoro vya migombani huko kwao, na alipenda kulitaja jambo hilo.

Sasa, Abbasi akapenda. Alikwenda kutengeneza mkanda wa cherehani kwa mama mmoja Ilala, na kwenye cherehani alikuwa amekaa Zamda, aliyekuja kwa shangazi yake kujifunza kushona. Sijui walisemezana nini. Najua kwamba cherehani ile iliharibika mara nyingi sana mwezi ule, na kwamba Abbasi alianza kunawa mafuta mpaka viwikoni. Zamda aliporudi kwa wazee wake, upande wa pili wa msitu wa Pugu, kijana alikuja kwenye meza yangu ya nazi akaninong'oneza kwamba ananitaka niwe mshenga.

Nikakubali. Nani angekataa? Nikapeleka habari kwa njia za wakubwa, na jibu likarudi: baba yake Zamda, Mzee Pazi, atampokea mshenga wa Abbasi Jumapili baada ya swala ya alasiri, ndugu wote wakiwepo. Lakini pia nikaambiwa, kwa wema, kwamba kuna mshenga wa watu wengine anakuja Jumatatu asubuhi. Huyo alitumwa na karani wa shirika moja la umma, mtu wa mshahara na kabati la vioo. Mzee Pazi ni mtu wa kauli moja. Angepata posa ya kwanza Jumapili angeipima kwanza hiyo. Jumapili ikipita bila posa, karani keshaoa.

Mtauliza, kwenda Pugu kuna nini? Kulikuwa na serikali. Petroli ilikuwa adimu, na Jumapili baada ya saa nane mchana vyombo vya watu binafsi vilikuwa marufuku barabarani bila kibali. Basi la upande ule lilikuwa limelala gereji tangu mwezi uliopita. Na mshenga hafiki mapema akakaa kibarazani kwa watu akisubiri alasiri, kwa sababu mshenga anayewahi huonekana ana njaa. Kwa hiyo ilibidi tupite lami mpaka Pugu kabla ya saa nane, kisha tuingie msituni kwa njia ya wakata kuni na kutokea kijijini kwa wakati wake, huku askari wa njiapanda akiwa hana habari nasi. Abbasi angenibeba kwenye pikipiki yake, ile ndefu ya miguu ya korongo aliyoinunua ikiwa kilema kwenye mnada wa mali chakavu.

Na hapa pana jambo lazima mlishike. Kwetu mwenye posa haendi mwenyewe. Akionekana uwanjani kwa wakwe siku ya posa, ni utovu wa adabu, na wako wazee waliowahi kuvunja uchumba kwa hilo. Mpango wetu ulikuwa Abbasi anishushe kabla ya kijiji, penye shamba la mihogo, ajifiche humo na pikipiki yake mpaka nirudi.

"Njia hiyo naijua aina yake," Kasmir alisema tulipomweleza. "Nyembamba, mizizi, kona juu ya kona. Njia kama hiyo haitaki gia ya kwanza wala ya nne, Fundi. Inataka ya pili, ikae inavuta polepole bila kulia na bila kuzimika. Toa jino moja mbele, funga nyuma hii sproketi ya kati. Basi."

"Jino moja?" Abbasi akacheka. "Jino moja analo mtoto mchanga."

"Jino moja la mbele ni kama matatu ya nyuma."

"Nani kasema?"

"Hesabu imesema."

"Hesabu haijapanda pikipiki," Abbasi akasema, akaondoka na sproketi yake ndogo ya mbio.

Ili kuijaribu njia alihitaji mzigo wa uzito wangu, na hapo ndipo fedheha zangu zilipoanza. Siku moja saa za asubuhi, soko limejaa, makuli wawili walinipandisha kwenye mizani ya magunia mbele ya wateja wangu. Nilikaa pale miguu inaning'inia. Kuli mmoja akatangaza kwa sauti ya mnada kwamba Mzee Mwinyimvua ni gunia na robo, na mama mmoja muuza bamia akauliza kama napatikana kwa rejareja. Abbasi akajaza nazi zangu mwenyewe mpaka mizani ikakubali, akalifunga gunia juu ya kiti cha nyuma na kwenda Pugu.

Alirudi jioni akisukuma. Uchochoro mzima ulinuka klachi iliyoungua. Pikipiki ile ya mbio ilikuwa haiwezi kutembea polepole penye mizizi, ikawa kila kona inazimika, na kila ikizimika anaiwasha na kuifinya klachi mpaka ikafuka moshi.

"Ni nazi," Abbasi alituambia huku anajifuta jasho. "Zinacheza ndani ya gunia, zinahamisha uzito. Ba'mkubwa hachezi."

Akarudia safari na nazi zilizopangwa vizuri, akarudi anasukuma tena. Siku iliyofuata aliingia kwa Kasmir bila salamu, akaangalia rafu, akanyoosha kidole kwenye sproketi kubwa kuliko zote. Ilikuwa imetundikwa ukutani tangu duka lifunguliwe, kwa kuwa hakuna aliyejua ni ya pikipiki gani. Ungeweza kuandalia pilau juu yake.

"Si hiyo," Kasmir akasema. "Ya kati, Fundi. Hiyo itakuwa kali mno. Ukigusa tu mafuta, gurudumu la mbele linaangalia mbinguni."

"Juzi ulisema kubwa ni nzuri."

"Nilisema kubwa kidogo."

"Kama kubwa ni nzuri, kubwa zaidi ni nzuri zaidi. Msitu umebadilika, Kasmir. Mvua imenyesha."

Mnamwona? Hata siku anayobadili mawazo, msitu ndio umebadilika. Nimefikiri sana juu ya tabia hii, nikiwa nimelala kifudifudi, maana kwa muda sikuweza kulala vinginevyo. Mtu asiyeweza kukubali kosa dogo hawezi kulirekebisha kidogo. Hukimbia kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule, na katikati, penye mlango, hapaoni.

Mnyororo haukutosha kuzunguka sinia lile. Akaunga vipande viwili, akatoboa tundu jipya, akachonga, akafunga, akaenda tena na nazi. Safari hii alirudi amepanda, anaimba kwa sauti mbaya. Pikipiki ilikuwa imepanda kila kilima bila kuzimika hata mara moja.

"Gunia ulilifunga?" Kasmir akamuuliza.

"Kwa kamba ya katani. Halikusogea hata kidogo."

"Na Mzee naye utamfunga?"

Uchochoro mzima ukacheka. Nikawaambia kwamba mimi ni mshenga, si mbuzi, na nitashika kwa mikono yangu kama watu wengine. Hilo lilikuwa neno langu na sasa nalilipia, lakini Kasmir hakucheka, na mimi nilipaswa kuiona sura yake.

Jumapili nikavaa kanzu nyeupe, koti, na kofia niliyoshonewa na marehemu mke wangu. Ndani ya koti nikatia leso ya posa, imefungwa vizuri na kutiwa uturi. Tukapita Barabara ya Pugu. Enyi watu, sijawahi kwenda taratibu kwa kelele nyingi namna ile. Sproketi ile kubwa ilikuwa imemaliza mbio zote, injini inalia kama inachinjwa, na sisi tunakwenda mwendo wa bibi harusi. Mwendesha baiskeli mmoja mwenye tenga la kuku alitupita. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikapata na nafasi ya kumuuliza hali ya nyumbani kabla hajatangulia.

"Ba'mkubwa, usizungumze," Abbasi akapiga kelele. "Unaharibu mizani."

Nikanyamaza. Kumbukeni kwamba ni yeye aliyeninyamazisha.

Tuliingia msituni askari wa njiapanda akiwa anaangalia saa yake. Na ndani ya msitu, lazima niseme haki, mwanzoni pikipiki ilikwenda vizuri. Ilipanda polepole, inakanyaga mzizi mmoja mmoja, matawi yanatupapasa, na mimi nikaanza kupanga maneno yangu ya ufunguzi. Nilikuwa nimefika kwenye kumsifu baba wa binti. Hapo tukafikia mwinuko mfupi wenye mzizi mnene uliokatiza njia. Abbasi akaongeza mafuta.

Gurudumu la mbele likaangalia mbinguni, kama alivyosema Mchaga. Mimi nikatelemka nyuma bila haraka, kwa heshima zangu zote, nikaketi chini kwenye majani yaliyooza. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari ile asiyesikia alikuwa Abbasi, na guu lilikuwa langu.

"Abbasi!" nikaita. "Wewe mwana wewe!"

Pikipiki ikashusha gurudumu, ikapanda mwinuko, ikaendelea. Aliniambia baadaye kwamba wakati ule aliona imekuwa nyepesi ghafla, akaisifu sproketi.

Nikajikusanya. Kanzu imechanika toka pindoni mpaka gotini, kiatu kimoja hakionekani, goti linauma, ila leso ya posa ilikuwa salama. Nikaifuata sauti ya injini mpaka ikafifia, kisha nikafuata alama za tairi, nikimwapiza Abbasi kwa kila mzizi. Mguu wenye kiatu ulikuwa unakwenda vizuri na ule mwingine unalalamika.

Yaliyompata Abbasi nilielezwa na Bi Sitara, bibi yake Zamda, mwanamke mzee sana mwenye masikio ya kijana. Abbasi alifika penye mihogo, akazima injini, akasema bila kugeuka, "Haya Ba'mkubwa, shuka." Akageuka, akaona kiti. Kabla hajajua la kufanya, wazee wakatokea njiani wakitoka msikitini, Mzee Pazi mbele na shemeji yake nyuma, ambaye ni mjomba wake Zamda.

"Karibu, karibu," Mzee Pazi akamwambia. "Bila shaka wewe ni dereva wa mshenga. Yeye mwenyewe yuko wapi?"

Hakuna aliyemjua kwa sura. Uongo aliandaliwa mezani, yeye akaula tu. "Ndiyo, mzee, shikamoo. Mimi dereva. Mshenga yuko nyuma, anakuja. Hupenda kutembea."

Wakamchukua mpaka barazani kwao, wakamketisha juu ya mkeka na kumpa maji. Kwa hiyo mwenye posa akawa amekaa katikati ya wakwe, jambo ambalo hata kichaa hafanyi.

Mimi nilipofika kijijini sikuthubutu kuja kwa mbele. Mshenga haji na matope. Nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye ua wa makuti, nikitafuta mtu wa kunipa maji ya kunawa. Ndipo nikasikia sauti ya Abbasi barazani, nikaganda palepale. Kupitia upenyo wa makuti nikamwona Zamda naye amesimama nyuma ya mlango, amejiziba mdomo kwa kanga. Yeye alikwishamtambua. Nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikasikiliza. Nilistahili kustarehe kidogo.

"Dereva," Bi Sitara alikuwa anauliza, "huyo anayemtaka mjukuu wangu unamjua?"

"Namjua, Bibi. Tunalala chumba kimoja."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mzuri, Bibi. Fundi hodari. Hapana mwingine Gerezani."

"Mwenyewe hujisifu hivyo?"

"Hujisifu, Bibi, ila kwa haki."

Nyuma ya mlango kanga ikatikisika. Mjomba akakohoa na kusema kwamba jua linakwenda, na wageni wa Jumatatu wana adabu ya kuja kwa gari. Bi Sitara hakumjali.

"Na kasoro zake? Dereva ndiye anayejua kasoro za bwana wake."

"Hana, Bibi."

"Basi simtaki. Mume asiye na kasoro atazungumza nini na mkewe miaka yote hiyo?"

Nikamsikia Abbasi anavyoisogeza bilauri mkekani. "Labda ana haraka kidogo," akasema.

"Hiyo ni ya wote. Nyingine."

"Nyingine..." Sauti yake ikapungua. "Watu husema hakubali kukosea."

"Na mara ya mwisho alikubali lini?"

Nilisimama kwenye kinu. Goti liliniuma na sikujali. Gerezani nzima, Kariakoo nzima, hakuna aliyewahi kulisikia jibu la swali hilo. Zamda naye alikuwa ameshusha kanga mdomoni.

"Leo, Bibi," Abbasi akasema.

Akaiweka bilauri chini.

"Leo nimekosea. Mshenga hapendi kutembea. Nimemwangusha msituni na sikujua. Rafiki yangu mmoja alinikataza ile sproketi, akanionyesha iliyo sawa, nikamdharau kwa kuwa yeye ndiye aliyeisema. Mzee yule ni mzito, ni mtu mzima, na jioni macho yake hayaoni vizuri. Nimekaa hapa nakunywa maji kwa kuogopa aibu. Naombeni ruhusa nikamtafute."

"Kaa," mjomba akasema. "Atafika. Ukiondoka, na posa isipotoka kabla ya magharibi, bwana wako ameikosa. Kesho wapo wengine."

"Basi aikose," Abbasi akasema. Nawaapieni sauti ile haikuwa ya dereva. "Huyo mzee ndiye baba niliyebaki naye."

Nikamsikia anasimama, anavaa viatu, anakimbia kuelekea mihogoni. Nami, niliyekuwa nimepanga kukaa juu ya kinu kile mpaka aumbuke vizuri, machozi yakanitoka. Nililia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa na haki ya kumkasirikia na sasa ameniharibia. Kijana mbaya yule. Hivi ndivyo baba yake alivyokuwa.

Nikatoka uani kama nilivyo, kanzu imepasuka, kiatu kimoja, majani kichwani. "Hodi," nikasema.

Bi Sitara akaniangalia toka kofia mpaka mguu mtupu. "Karibu, mshenga," akasema. "Dereva wako kaenda kukutafuta. Kwa bahati wewe umekuja na uso wako mwenyewe. Yeye alidhani amekuja na uso wa mtu mwingine."

Kumbe alikwishamjua kabla hajaungama. Aliniambia kwamba dereva husema kasoro za bwana wake kwa kicheko, na yule alizisema kama anang'olewa jino. Mzee Pazi yeye hakujua kitu, na alipoelezwa alishika ndevu akawa hajui akasirike au acheke, akaamua kuangalia mkeka. Nikanawa. Nikatoa leso. Nikayasema maneno yangu yote niliyoyapanga, tena kwa ukamilifu, maana sikuanguka bure. Wakaingia ndani kushauriana na Zamda akaulizwa, kisha Mzee Pazi akatoka na jibu, akanikabidhi mimi.

Na jibu la posa lina adabu yake. Mshenga hulibeba mdomoni mpaka nyumbani kwa waliomtuma, mbele ya wazee wao. Halitolewi njiani hata kwa bakora.

Nilimkuta Abbasi anarudi toka msituni anasukuma pikipiki, ameshika kiatu changu. Aliponiona alikaa chini njiani akanishika miguu. Nikavaa kiatu changu, nikampita, nikaanza kutembea. Tulikuwa tulale Pugu kwa binamu yangu, na safari si fupi.

"Panda, Ba'mkubwa."

"Sipandi."

Akaiwasha, akanifuata ubavuni. Na hapa ndipo nilipoona ajabu. Sproketi ile, iliyokuwa kali mno kwa kila kitu, iliweza kwenda mwendo wa mzee anayechechemea bila kuzimika, bila klachi, bila kulia. Ilitembea nami hatua kwa hatua. Kwa kazi hiyo moja ya kumbembeleza mtu aliyekasirika, hakuna sproketi bora zaidi iliyowahi kutengenezwa.

"Wamesemaje, Ba'mkubwa?"

"Jua linakuchwa mapema siku hizi."

"Wamekataa?"

"Angalia mzizi huo."

"Nambie tu kama nirudi nimwombe mzee radhi."

Nikaendelea kutembea. Msitu ulikuwa unaingia kiza cha jioni, naye alikuwa amewasha taa yake ili inimulikie mimi, si yeye. Mara mbili alikwaruzwa uso na matawi kwa kuwa alikuwa ananiangalia miguu yangu. Tukafika penye ule mwinuko mfupi, mzizi uleule, na shimo la makalio yangu bado liko wazi kwenye majani. Nikasimama.

"Rudia ile kauli," nikamwambia.

"Ipi?"

"Ile ya barazani. Nilikuwa uani."

Akazubaa, akaelewa, akainamisha kichwa. "Nilikosea, Ba'mkubwa."

"Kwa nani mwingine?"

"Kwa Kasmir. Nitamwambia kesho. Mbele ya watu."

Nikapandisha kanzu yangu iliyochanika, nikapanda nyuma, nikamshika kiunoni kwa mikono yote miwili kama kamba ya katani.

"Sasa nenda polepole," nikamwambia sikioni. "Umebeba harusi yako."

Akashtuka, akaachia klachi, pikipiki ikazimika palepale juu ya mzizi. Safari hii hakuzilaumu nazi.